Smilei kwenye kipakatalishi cha kawaida, Malindi: inasema kweli wapi, na wapi usiiamini

Smilei ni programu ya bure ya kuiga plazma, yaani mchanganyiko wa elektroni huru na ioni (atomi zilizopoteza elektroni), inayopigwa na leza kali. Imetungwa na maabara za Ufaransa, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu chini ya leseni ya CeCILL-B, na makala yake kuu ilitoka mwaka 2018. Malindi ina kituo cha anga cha Ngomeni, na satelaiti ya Uhuru ilirushwa hapo baharini, kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970. Leza ya kusukuma ioni haina, wala kompyuta kubwa ya utafiti. Kwa hiyo mapitio haya yanauliza jambo moja tu: mwanafunzi wa fizikia wa Malindi, Watamu au Kilifi, mwenye kipakatalishi cha kori nne na RAM ya gigabaiti 8, atapata nini humu?

Jibu kwa ufupi: kwa uigaji wa mwelekeo mmoja, yaani kwenye mstari mmoja tu wa nafasi, alama nne na nusu kati ya tano. Kwa miwili, alama mbili, na kosa si la programu. Itakuonyesha kwa uaminifu mkubwa ioni zinavyopata kasi. Ukiiuliza zimepata nishati kiasi gani, usichukue jibu lake bila kulipima.

Kinachoigwa ni hiki. Mpigo wa leza wa femtosekunde 30 unapiga karatasi nyembamba ya metali. Ukali ukipita wati 10¹⁸ hivi kwa sentimita mraba, elektroni zinatikiswa hadi karibu na kasi ya mwanga ndani ya mzunguko mmoja wa wimbi. Protoni ni nzito mara 1836 kuliko elektroni, kwa hiyo leza yenyewe haiziwezi moja kwa moja. Elektroni zilizopata moto hupenya karatasi, hutokeza upande wa nyuma, na kwa kuwa zimeacha chaji chanya nyuma yao, haziendi mbali: zinatanda kama utando mwembamba. Kati ya utando huo na karatasi huzuka uga wa umeme wa kadiri ya teravolti kwa mita, na uga huo ndio unaozing'oa ioni kutoka uso wa nyuma. Za kwanza kutoka ni protoni, hata karatasi ikiwa ya dhahabu tupu, kwa sababu uso wa metali ndani ya chumba cha ombwe hubaki na utando wa maji na mafuta wenye haidrojeni. Mwaka 2000 leza ya Nova Petawatt kule Lawrence Livermore, Marekani, ilitoa protoni za MeV 58 (MeV ni nishati ya elektronivolti milioni moja) kwa njia hii. Mwaka 2024 kundi la Dresden, Ujerumani, lilitangaza MeV 150, ingawa hapo mambo yalikuwa zaidi ya utando peke yake.

Kusakinisha ni rahisi kwenye Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu, na kwa mwenye Windows njia ni WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Haina madirisha wala vitufe. Unapakua msimbo na kuukompaili mwenyewe. Pakua vifurushi vyote kwa mkupuo mmoja bando likiwa na nguvu, kwani baada ya hapo programu haihitaji intaneti kabisa. Kinachokwamisha wengi ni HDF5, maktaba ya kuhifadhi data. Ile ya kawaida, libhdf5-dev, haifai. Smilei inataka iliyojengwa pamoja na MPI, mfumo wa kugawa kazi kati ya michakato; kifurushi chake ni libhdf5-openmpi-dev. Ukiweka ya kawaida, ukompailishaji unakatika katikati kwa malalamiko marefu yasiyotaja chanzo waziwazi. Weka pia python3-dev na numpy, elekeza HDF5_ROOT_DIR kwenye folda ya HDF5 ya openmpi, kisha make -j4, na mwisho make happi ili upate chombo cha kuchorea matokeo. Nyaraka zake ni nzuri kuliko za programu nyingi za aina hii, ila zote ni za Kiingereza.

Faili la maelekezo ni Python tupu. Hili ni jambo zuri sana, kwa sababu unaweza kuandika hesabu ndani ya faili lenyewe badala ya kukokotoa pembeni na kunakili. Tatizo liko kwenye vipimo. Smilei haijui mita wala sekunde. Urefu unapimwa kwa wimbi lililogawanywa kwa 2π, msongamano kwa msongamano wa kikomo cha leza (ule ambao juu yake leza haipiti), uzito kwa uzito wa elektroni, nishati kwa MeV 0.511. Kwa leza ya mikroni 0.8, kizio kimoja cha urefu ni mikroni 0.127, kizio cha muda ni femtosekunde 0.425, na kizio cha msongamano ni elektroni 1.74 × 10²¹ kwa sentimita ya ujazo. Mtu akiandika 2 akidhani ameweka karatasi ya mikroni mbili, ameweka robo mikroni, na programu haitalalamika. Anza kila faili kwa kuandika mikroni na femtosekunde kama vigeu, kisha zidisha kila namba kwa hivyo.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Muda wa mpigo unaopewa tgaussian, umbo la mpigo ndani ya faili, ni wa uga wa leza, si wa ukali wake, ilhali maabara zote hutangaza muda wa ukali. Femtosekunde 30 za ukali ni femtosekunde 42.4 za uga, yaani vizio 100. Ukiandika 30 moja kwa moja umeiga mpigo wa femtosekunde 21 wenye nishati pungufu kwa karibu asilimia 30, halafu utashangaa mbona protoni zako ni dhaifu kuliko za kwenye makala.

Mpangilio unaofaa kuanzia ni huu: a0, kipimo cha nguvu ya uga wa leza, iwe 5, ambayo kwa mikroni 0.8 ni wati 5.3 × 10¹⁹ kwa sentimita mraba. Karatasi ya alumini ya mikroni 2, msongamano wa elektroni mara 40 ya kikomo. Nyuma yake tabaka la protoni la nanomita 20. Vijumba vya gridi 400 kwa kila urefu wa wimbi, kila kimoja nanomita 2. Mbele ya karatasi acha mawimbi 20 ya nafasi tupu, nyuma acha karibu 80, jumla vijumba 40,960. Muda wa femtosekunde 300, ambao ni hatua kama 47,300. Kwa chembe wakilishi (kila moja inasimama badala ya chembe halisi nyingi) 1000 kila kijumba una chembe milioni mbili na ushei, na hizo hazizidi megabaiti mia chache za kumbukumbu. Ni kazi ya usiku mmoja hata kwa mashine yenye umri.

Nafasi ya nyuma isipunguzwe kwa tamaa ya kuokoa muda. Elektroni za mbele kabisa zinakwenda kwa kasi ya mwanga. Mawimbi 80 ni mikroni 64, na zinayamaliza kwa femtosekunde 213. Sanduku likiwa fupi, elektroni zinagonga mpaka na kuondolewa, utando unakatwa mkia, na protoni zinaishia chini kwa sababu isiyo ya kifizikia.

Kwa nini mara 40 wakati alumini halisi iliyovuliwa elektroni zote ni karibu mara 450? Kwa sababu ya kina ambacho leza inapenya. Kwa msongamano wa mara 40 kina hicho ni nanomita 20, vijumba kumi. Kwa mara 450 ni nanomita 6, vijumba vitatu tu, na kelele ya hesabu inapanda. Kupunguza msongamano ni desturi iliyozoeleka, lakini inabadilisha kiasi cha elektroni za moto na jinsi uso wa mbele unavyosukumwa ndani, kwa hiyo iandikwe wazi kwenye ripoti. Urefu wa Debye, umbali ambao elektroni huficha chaji ya jirani, nao una masharti yake. Elektroni zikianza baridi kabisa, gridi yenyewe inazipasha moto bila leza yoyote. Anza na joto la keV 1, elfu moja ya MeV. Hapo kijumba ni mara mbili na ushei ya urefu wa Debye, na ukitumia interpolation_order ya 4 badala ya 2, hiyo inavumilika. Kisha tazama Ubal_norm kwenye DiagScalar, kipimo cha nishati iliyozuka au kupotea bila maelezo. Kikipanda mfululizo baada ya leza kuondoka, usisome matokeo mengine. Rudi kwenye gridi.

Kosa la chaji ndilo linaloonekana vibaya zaidi kwenye picha. Alumini ya chaji 13 ikipewa number_density ya 40 inaleta chaji chanya 520 dhidi ya elektroni 40. Smilei hutatua mlinganyo wa Poisson, unaotoa uga wa umeme kutokana na chaji, kabla ya hatua ya kwanza, hivyo uga mkubwa unazuka hapo hapo na karatasi inalipuka leza ikiwa bado haijafika. Msongamano wa ioni unapaswa kuwa 40 gawanya kwa 13, yaani 3.08, au tumia charge_density. Tabaka la protoni nalo lina haki ya elektroni zake.

Ugawaji wa kazi kati ya kori ndio sehemu ambayo Smilei imesifiwa nayo sana, na ndiyo sehemu inayomwangusha mwenye kompyuta ndogo asipoielewa. Sanduku hukatwa vipande, idadi yake lazima iwe kipeo cha mbili. Ukichagua 64, kila kipande kina vijumba 640. Lakini karatasi yote ni vijumba 1000! Chembe zote ziko kwenye vipande viwili au vitatu, na vilivyobaki ni ombwe. Kori moja au mbili zinatoka jasho, nyingine zinasubiri. Weka vipande 1024 vya vijumba 40: karatasi inaenea kwenye vipande 25 hivi na kori zote nne zinapata chakula. Endesha mchakato mmoja wa MPI wenye nyuzi nne (thread, moja kwa kila kori), na uweke OMP_SCHEDULE kuwa dynamic. Wanaosema Smilei ni nzito kwenye kompyuta ndogo mara nyingi hawajagusa hapa.

Sasa stima. Uigaji wa usiku mzima pwani hii ni lazima uwe na njia ya kuendelea pale ulipokatikia, na Smilei inayo: Checkpoints. Weka dump_minutes ya 20 na keep_n_dumps ya 2. Kuna chaguo moja ambalo jina lake si la kupuuzwa, exit_after_dump. Bila kuguswa, thamani yake ni True, maana yake programu huhifadhi mara ya kwanza kisha inazima. Imetungwa hivyo kwa ajili ya kompyuta kubwa ambako kila mtu ana zamu ya saa kadhaa. Kwa mtu wa Malindi aliyelala, maana yake ni kuamka na kukuta dakika 20 tu za kazi. Iweke False. Stima ikirudi, elekeza restart_dir kwenye folda ya zamani na uanzishe folda mpya. Kipakatalishi chenye betri hai kina faida kubwa hapa kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Joto ni suala la pili la hapa kwetu. Uigaji huu unaikaba prosesa asilimia mia kwa saa nyingi, na msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba cha mabati hakipoi hata usiku. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Matokeo hayaharibiki, ila kazi ya saa nne inakuwa ya saba. Inua kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao, si juu ya godoro, elekezea feni, na ikiwezekana tumia nyuzi tatu badala ya nne: mara nyingi unapoteza kidogo sana. Hewa ya chumvi na vumbi hushika mapezi ya feni ya ndani. Fundi aisafishe na kubadilisha dawa ya joto ya prosesa kabla ya kaskazi kuanza.

Matokeo yanasomwa kwa happi, na hapa programu inapendeza kweli. DiagParticleBinning yenye mhimili wa ekin (nishati ya mwendo) kwa mizani ya logi inakupa spektra ya protoni kwa mistari miwili. Ukitaka michoro iwe kwa mikroni na MeV, weka reference_angular_frequency_SI na usakinishe maktaba ya Python iitwayo pint. Tahadhari moja: tabaka la nanomita 20 ni vijumba kumi, na kwa chembe 1000 kila kimoja una protoni wakilishi 10,000 tu. Ile «nishati ya juu» unayoiona mkiani inaweza kuwa chembe moja. Ipe tabaka hilo peke yake chembe 5000 kwa kijumba, gharama yake ni ndogo, na usitangaze nishati ya juu bila kusema ni wapi umeukata mkia.

Lakini tuseme umefanya yote sawasawa. Bado kuna jambo ambalo hakuna chaguo la kuliweka True au False. Kwenye mwelekeo mmoja utando wa elektroni hauna pa kusambaa; ni bapa usio na mwisho, na uga wake hupungua polepole mno. Chukua fomula ya Mora ya mwaka 2003 ya kukadiria nishati ya juu ya ioni, inayochukulia kwamba joto la elektroni halipungui. Kwa a0 ya 5 joto hilo, kwa kanuni ya Wilks, ni karibu MeV 1.4. Ukikadiria msongamano wa elektroni za moto kuwa sawa na kikomo na kusimamisha saa kwenye femtosekunde 117, makadirio yanayotumika kwa mpigo kama huu, unapata protoni za MeV 8. Acha saa iende hadi 300: MeV 19. Hadi pikosekunde moja: MeV 41. Leza ni ile ile na karatasi ile ile! Kwenye Smilei elektroni zinapoa kwa kuwa nishati wanayopata ioni inatoka kwazo, kwa hiyo kupanda ni kwa taratibu zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo. Katika maabara doa la leza lina upana wa mikroni chache, utando unasambaa pembeni, na uga unakufa mapema. Kwa hiyo anayeandika «uigaji wangu umetoa MeV 30» kwa mwelekeo mmoja ametangaza zaidi muda aliochagua kusimamisha saa kuliko fizikia yoyote.

Hilo halifanyi mwelekeo mmoja kuwa bure. Linganisha kwa muda ule ule: karatasi ya mikroni 2 dhidi ya 5, tabaka la protoni dhidi ya kutokuwa nalo, uso mkali dhidi ya uso wenye mteremko wa plazma. Majibu ya namna hiyo yanaaminika. Unaweza pia kugeuza leza iwe ya mzunguko, ellipticity ya 1, na kuona elektroni zikikoma kupashwa moto na karatasi yote ikianza kusukumwa na mgandamizo wa mwanga. Hapo unene unaofaa ni mdogo sana. Kwa a0 ya 10 na msongamano wa mara 100 ni kama nanomita 25. Vitu viwili usivitafute humo: leza inayoingia kwa pembe, ambayo mwelekeo mmoja wa kawaida hauiwezi, na nuru ya awali inayotangulia mpigo kwa nanosekunde. Kwenye maabara hiyo ya pili huamua mengi. Leza ya 10²⁰ yenye usafi (uwiano wa kilele na nuru ya awali) wa milioni moja kwa moja inatanguliza 10¹⁴, inayotosha kuyeyusha uso na kutengeneza plazma kabla mpigo haujafika. Smilei haiigi nanosekunde. Mteremko huo unauchora mwenyewe kama ekisponenti, na urefu wake unatoka kwenye programu ya hidrodinamiki au kwenye kipimo.

Miwili, basi? Sanduku la mikroni 40 kwa 40, vijumba 100 kwa wimbi, karatasi ya mikroni 2, chembe 100 kwa kijumba, aina mbili: chembe milioni 250. Kila moja inakula baiti kama 50, yaani gigabaiti 12.5 kabla ya kuhesabu kitu kingine. Kwa RAM ya 8 haifunguki; kwa 16 inafunguka kwa shida na itachukua siku nyingi. Hata hapo nishati hubaki juu kuliko ya miwelekeo mitatu. Matoleo mapya ya Smilei yanatumia GPU kwa miwili na mitatu, lakini si za kipakatalishi cha duka la kawaida. Faili lako la mwelekeo mmoja likishakuwa safi, libebe kwa mtu mwenye nafasi kwenye klasta ya chuo. Kabla ya kupeleka, lipitishe kwenye smilei_test, inayokagua faili bila kuendesha uigaji wenyewe.

Mbadala wa kweli kwa kompyuta ndogo ni EPOCH ya Warwick, Uingereza, iliyoandikwa kwa Fortran. Faida yake kwa anayeanza ni kwamba inapokea mita, sekunde na kilogramu, kwa hiyo mtego wa vizio haupo. Hasara ni mafaili ya SDF yanayohitaji kisomaji chake, na faili la maelekezo lisilo na uhuru wa Python. WarpX ya Marekani, iliyopata tuzo ya Gordon Bell mwaka 2022, na PIConGPU ya Dresden ni za watu wenye mashine kubwa. Anayefundisha darasa la watu kumi wenye kompyuta za kila aina aanze na EPOCH. Anayefanya mradi wake mwenyewe na anajua Python achukue Smilei, na fedha ambazo angenunulia RAM ya pili azitumie kwanza kwenye betri mpya.